Mgeni Hasemwi

—na lile wigi Bi Arafa akaenda kuivisha nguzo ya dripu, Shangazi, haki ya nani vile! Akaliweka sawa, akazirudisha nywele nyuma kidogo ili uso uonekane, na nguzo yenyewe haina uso, halafu akaiambia, "Karibu mgeni. Zangu umekula, hizi za dukani vaa." Wodi nzima ilicheka mpaka yule mama wa kitanda cha dirishani akaomba beseni, maana kwake siku hizi kicheko na kutapika vinapita mlango mmoja.

Ngoja. Nimeanza katikati. Ni furaha tu, nisamehe. Umefumbua macho, na mimi habari zimenijaa hadi kooni, sijui ipi itangulie.

Ni mimi, Chausiku, binti wa kaka yako. Usinishangae hivyo, hii barakoa tunavaa wote tunaoingia chumba hiki, na gauni hili la kijani, na mikono nimenawa mpaka imekuwa kama ya maiti, yaani, kama ya mtu aliyefua siku nzima. Usiongee sana. Mdomo wako umechubuka ndani, ulimi umevimba. Nesi Eufrazia amesema ukitaka kitu unifinye kidole. Najua vidole vyako havisikii, vimekufa ganzi zamani. Wewe msusi, mwenye mikono iliyosuka vichwa vya maharusi wa mji mzima, sasa ukishika kitana hujui kama umeshika kitana au umeshika hewa. Lakini changu kinasikia. Wewe finya tu, kusikia niachie mimi.

Unauliza leo lini.

Hilo ndilo jambo lenyewe. Kuna siku zako hazipo. Homa ilikuchukua alasiri moja, Bi Arafa akiwa anafungua kilemba chake kitanda cha pili, na umerudi leo, na katikati pana shimo. Usihuzunike, nimekuwekea. Kila siku iliyopita ukiwa umelala niliidaka mimi, nikaikunja kama khanga, nikaihifadhi. Nimekuja kukurudishia. Kwani chuoni nilisomea nini kama siyo habari?

(Ninayoyasema kwa mdomo ni hayo. Ninayoyameza nitayaweka humu, katikati ya kuta hizi mbili zilizopinda, ambamo yeye hasikii. Chuoni mwalimu wetu alitufundisha kwamba mfu hutangulia. Palipo na kifo, kifo ndicho sentensi ya kwanza. Harusi, mvua na mpira vitafuata nyuma. Nilifaulu sana somo lile. Leo nimeanza na wigi.)

Basi nianze na nyumba, maana homa hufuta hata kuta. Hii ni Nyumba ya Wenyeji. Jina jingine haina. Ukiuliza mji uko wapi unaambiwa uko kule chini nyuma ya ukungu, ule ulikotoka, na ukichungulia huuoni. Juu ya mlango mkubwa mtu aliandika kwa rangi ya bluu MGENI NJOO MWENYEJI APONE, na rangi imebanduka kwa namna kwamba asubuhi unasoma maneno yote, jioni jua likipiga upande wa pili unasoma MGENI peke yake. Ukivuka kizingiti kile jina lako linabaki nje na viatu, unakuwa Mwenyeji. Wewe Mwenyeji, yule wa dirishani Mwenyeji, wote. Na dawa hapa haiitwi dawa. Inaitwa Mgeni. Anakuja ndani ya mfuko unaoning'inia, mwekundu kama juisi ya rozela, anashuka tone kwa tone, anaingia kwa mshipa wa mkono, na kuanzia hapo mwili wako unakuwa sebule.

Mle sebuleni kuna mwizi kajificha uvunguni. Mgeni ameitwa amtoe. Tatizo ni kwamba Mgeni haoni vizuri, hajui mwizi ni yupi na mtoto wa nyumba ni yupi. Alichoambiwa ni kimoja: piga kinachokua haraka. Mwizi anakua haraka, anampiga. Nywele zinakua haraka, anazipiga. Ngozi ya mdomo, kucha, damu changa iliyo kazini kulinda lango, vyote vinakua haraka, vyote vinapigwa. Mwenyeji amekaa pembeni na chai mkononi anasikia vyombo vikivunjika chumba cha ndani, na haruhusiwi kuuliza. Hapo ndipo akili yangu ilipokwama, Shangazi, siku zile nilizokaa kwenye kiti hiki nikikuangalia unavyopumua. Mwenye nyumba ni nani? Ni yule aliyeijenga, au yule aliyejificha ndani yake, au ni yule aliyekaribishwa, ambaye sasa amekalia kiti kizuri na anaagiza? Na mwenye nyumba akishanyamazishwa ndani ya nyumba yake, bado ni mwenyeji, au na yeye amekuwa mgeni anayesubiri kuonyeshwa pa kulala?

Na saa hapa haina mishale. Saa ni matone. Kati ya tone na tone mtu anazeeka, na mwingine anarudi utoto. Nimeona kwa macho yangu. Ulilala ukiwa shangazi yangu, tone likadondoka, ukafumbua macho nusu ukiwa msichana. Ukaniita mama. Ukaniuliza, "Kungwi amefika?" Nikasema amefika. Ukasema, "Mwambie nimeshanyolewa."

Unakumbuka hilo? Basi.

Nje nyuma ya jiko kuna ule mjohoro. Nywele zinazofagiliwa wodini zinamwagwa pale, na wale ndege mnana wanaziokota kujengea. Mti mzima una vitundu vyeusi, na kimoja kina mvi, hicho ndicho chako, mimi nakijua. Ulipokuwa bado unatembea ulisimama chini yake ukakikagua kama mteja aliyesukwa kwa bei ya juu, ukasema, "Hawa ndege wanasuka ovyo. Mistari haijanyooka hata mmoja." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Taarifa ni kwamba kile chenye mvi sasa kina makinda. Wanalia mchana kutwa, wana midomo mikubwa kuliko vichwa.

Unafinya. Unamtaka Bi Arafa.

Nakuja kwake. Habari ina mpangilio wake.

(Haina. Nazunguka tu kama mbwa anayetafuta pa kulala.)

Bi Arafa, kungwi wako. Yule yule aliyekutia ndani ulipovunja ungo, akakunyoa kwa wembe, akakukataza jua, akakufundisha jinsi ya kukaa, ya kujibu, na ya kumeza maneno. Maisha yakazunguka weee, mkaja kukutana humu, vitanda jirani, vichwa vyote viwili vyeupe, na safari hii hakuna aliyeshika wembe. Alikutazama muda mrefu siku ile. Halafu akasema, "Mwali wangu, mbona umerudi? Kwani kuna somo hukulielewa?"

Ukamjibu, "Somo yangu, na wewe umerudi kufanya nini?"

"Nimekuja kusahihisha," akasema, na mkacheka nyie wawili mpaka mkashikana.

Tangu hapo wodi ikawa yake. Angefanyaje? Vichwa vimenyolewa, wanawake wamefungiwa ndani, jua hawaruhusiwi, chumvi inawachoma mdomo: kwake huo ulikuwa unyago, hata kama hakuna ngoma. Akatuketisha akafundisha. Somo lake lilikuwa moja, Mgeni hasemwi. Mgeni akikanyaga mkeka na viatu vyake, wewe tazama dari. Akila kitoweo cha watoto, mshukuru aliyempa hamu ya kula. Akilala kitandani pako, lala chini na useme mgongo ulikuwa unataka sakafu. Ukiulizwa hali, ni njema. "Mgeni siku mbili," alikuwa anasema, na hapo anaishia, anakunja mikono. Wote tuliijua nusu ya pili tangu tumbo la mama. Lakini kungwi akinyamaza mahali, pale panakuwa sheria.

Basi Nesi Eufrazia anakuja na toroli lake, maskini, anapita kitanda kwa kitanda. "Mama, umetapika?" Njema, nesi. "Mdomo unauma?" Alhamdulillahi. "Usingizi? Choo? Vidole vinachoma?" Tunaendelea vizuri. Na chini ya kitanda beseni limejaa, limefunikwa na gazeti. Kabati la nesi lina vidonge vya kuzuia kichefuchefu, lina dawa ya kusukutua, lina mafuta ya kucha, lina mpaka yule dada wa ushauri anayekuja kukaa tu na mtu akilia, kama vile naye amefungiwa mle kabatini na mikoba yake. Vyote vinasubiri mtu mmoja aseme ninaumwa. Hakuna. Niliwahi kumkuta Nesi ameegemea kabati lile, ananiambia, "Dada, mimi nauguza watu wazima kabisa. Sijui wanafuata nini hospitali."

Na joto ndilo lilikuwa siri kubwa kuliko zote. Si kulikuwa na yule binti kabla yetu, aliyesema ana homa? Akapimwa, Mgeni wake akarudishwa getini na mfuko wake mwekundu, na kesho yake binti hakuonekana tena. Wodi ikasema ndiyo hivyo, Mgeni akirudishwa mlangoni hukasirika, harudi, na mwenyeji anabaki na mwizi wake peke yao. Kumbe, nimemuuliza Nesi mwenyewe, binti alitibiwa homa ikaisha, akahamishiwa nyumba iliyo karibu na kwao, na Mgeni akamfuata huko huko mpole kama kondoo. Watu wazima wote wale walijengea hofu yao juu ya kitanda kilichotandikwa upya, na hakuna aliyeuliza.

Hapo ndipo lilipokuja la chupa.

Nesi alikuwa anawapa chupa ndogo za maji yaliyoganda, za kushika mikononi kucha zisife, na za kumung'unya barafu mdomo upoe. Ni msaada mzuri tu. Bi Arafa akaona matumizi mengine. Ukisikia magurudumu ya toroli kule ukumbini, chupa unaibana kwapani. Toroli likifika kitanda chako, chupa unaichomoa, unaificha, unapokea kipimajoto kwapa likiwa baridi kama shimo la kisima. Kipimajoto kinasema uongo kwa heshima zote. Mimi nilikuwa sijui. Mmefunika, nyie, mnajua kufunika.

Nilijua alasiri ile. Sikiliza, hii ndiyo siku ya kwanza ninayokurudishia, ipokee kwa mikono miwili.

Niliingia nikiwa na habari ya mpishi aliyeunguza uji, nikakukuta unatetemeka mpaka kitanda kinapiga kelele. "Chau, nifunike." Nikakufunika. "Nifunue, unaniua." Nikakufunua. Chupa ikateleza ubavuni.

"Shangazi, hii nini?"

"Maji ya kunywa."

"Kwapani?"

"Kwani wewe ya kwako unaweka wapi?"

Nikakugusa shingo, nikautoa mkono haraka, kama aliyeshika sufuria. Nikasema namwita nesi. Ukanikamata, wewe usiyesikia vidole, ukanikamata kama koleo. "Ukimwita umeniua. Mgeni anakuja kesho. Amebakiza safari moja tu, Chau, moja. Akinikuta na joto atarudishwa. Nimempa nywele, nimempa ulimi, nimempa mikono yangu ya kazi. Nimempa vyote hivyo aje arudishwe mlangoni?" Ukasema, "Wewe mdomo wako hauna mlango, najua. Leo uutie mlango. Ukitangaza hili, wewe si mtoto wa kaka yangu."

Nilisimama pale, Shangazi. Mtu mzima, na cheti changu. Habari moja ndiyo ilikuwa na kazi katika maisha yangu yote, na hiyo ndiyo niliyokatazwa. Umenilea wewe. Uliwahi kuninyima nini?

Bi Arafa alikuwa anafungua kilemba. Alisimama, kitambaa kikiwa nusu mkononi. Alikutazama vile alivyokutazama siku ya kwanza, na mimi nikaona uso wake unabadilika, unakuwa wa mtu kijana, wa yule kungwi wa zamani anayesikia mwali wake akilia ndani na ngoma ikilia nje. Akasema polepole, "Mgeni siku mbili."

Tulisubiri akunje mikono.

Hakukunja. Akasema, "Mbili zimepita zamani. Ya tatu mpe jembe."

Ukasema, meno yakigongana, "Somo, ulinifundisha nisiseme."

"Nilikufundisha kuishi na watu," akakwambia. "Ya ndani hayatoki nje, kweli, nyumba ikiwa imesimama. Nyumba ikiungua, mwanamke anatoka barabarani na kelele zake hata akiwa uchi. Hilo sikukufundisha kwa sababu nilidhani kila mtu analijua." Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe, redio. Mdomo huo Mungu alikupa kwa ajili ya leo. Nenda."

Nilikimbia. Nilipita ukumbi nikipiga kelele kama muuza samaki, "Shangazi ana homa! Anaficha! Ana homa!" Nesi Eufrazia aliacha toroli katikati ya njia. Wakaja na sindano, na maji, na dawa ya kuua vijidudu, maana lango halikuwa na mlinzi, damu yako changa yote ilikuwa imeshapigwa, na mdudu yeyote angeingia akijipitia tu. Wakakuhamishia chumba hiki cha ndani, cha peke yako. Ukawa unalia, "Mgeni wangu, Mgeni wangu atarudishwa," na Nesi anakusukuma huku anakujibu, "Atakaa nje kwenye benchi asubiri, Mama. Yeye anajua kusubiri. Homa ndiyo haijui."

Amekaa kwenye benchi mpaka leo, Mgeni wako. Nimempita nikija. Hana hasira hata kidogo.

(Kitanda chako kilipokuwa kinatolewa nilimgeukia Bi Arafa nikamuuliza, "Na wewe Bibi, hali?" Akasema, "Njema." Nesi naye alirudi kumpima, hakumruka. Kipimajoto kikasoma vizuri. Bi Arafa alikuwa ameubana mkono ubavuni kama mwanamke anayelinda pochi sokoni. Nilimwona. Nikadhani ni baridi.)

Kesho yake ndiyo siku ya wigi. Mjukuu wa Bi Arafa kaleta, zuri, refu, la kahawia, la msichana wa televisheni. Bi Arafa akaligeuza geuza. "Hili nikilivaa babu yenu atatoka kaburini anitongoze." Ndipo akaenda kuivisha nguzo. Akaiita "mke mwenzangu." Akatuimbia kidogo, sauti ilikuwa chini lakini alituimbia, na mikono akaipiga. Ilikuwa siku nzuri ile, Shangazi. Nimekuletea nzima, sikuikata popote.

(Siku iliyofuata naibana mimi. Asubuhi aliamka mweupe midomoni. Akaulizwa, akasema njema. Walipomwinua kumbadilishia shuka, chupa ilianguka, ikabingirika chini ya vitanda vyote, toka chake mpaka cha dirishani, na kila mwenyeji aliisikiliza ikipita chini yake. Niliiokota mimi. Haikuwa na barafu. Ilikuwa ya moto kama yai lililotoka kutagwa sasa hivi. Hata maji yalikuwa yameanza kusema ukweli. Nesi Eufrazia alipiga magoti sakafuni, mtu na sare yake nyeupe, akawa anasema, "Bibi, kwa nini? Si wewe uliyesema wasifiche?" Na Bi Arafa akamjibu, nilikuwepo, nilisikia, "Yule ni mwali. Mimi ni kungwi." Hicho ndicho alichokuwa nacho. Nimekigeuza pande zote, nikitafuta falsafa. Anayewafundisha wengine kutoka anabaki ndani kwa sababu ufunguo ni heshima yake, na heshima hiyo hana wa kumwachia. Au labda ni jambo dogo zaidi ya hilo. Labda hakuna aliyemwambia yeye: ya tatu mpe jembe. Alitufunda wote, akabaki hana kungwi. Jioni mlango ulisomeka MGENI.)

Nimenyamaza? Hapana, nameza mate tu, barakoa inabana.

Sasa hii lazima uisikie. Wodi inasema. Yaani siyo ile uliyoiacha, imekuwa soko. Nesi kaingia na toroli, kauliza kama kawaida, hali zenu, na yule wa dirishani akawa wa kwanza, "Mimi mgonjwa." Nesi akasimama. "Mimi mgonjwa, nesi. Natapika usiku na mchana, na kufa siogopi, naogopa harufu ya vitunguu." Hapo ikafunguka. Mmoja anasema kila anachokula kina ladha ya ufunguo wa mlango. Mwingine nyayo zinamuwaka, anatembea kama yuko juu ya makaa, na alikuwa anasema anapenda kulala tu. Mwingine kavua khanga kaonyesha kidonda. Mmoja akasema mumewe hamgusi tena, anamsogezea sahani kwa fimbo ya mapazia, na akalia, na dada wa ushauri akatolewa kabatini hatimaye, akaja akakaa naye. Nesi alimaliza vidonge vyote vya toroli, akarudi kuongeza. Alikuwa anatembea huku anafuta macho kwa mkono wa sare, na anacheka. "Sasa nina wagonjwa," anasema. "Sasa nina kazi."

Unafinya.

"Nani kawafundisha?"

Usiongee, mdomo. Bi Arafa. Yeye ndiye aliyewafundisha.

(Hapo sikudanganya.)

"Na yeye alisema nini kuhusu yeye?"

Hilo lina urefu wake, Shangazi. Halafu unatakiwa upumzike. Acha nikueleze makinda yanavyo—

"Chau."

Abee.

"Kati yangu na kitanda chake kuna ukuta mmoja. Kikohozi chake nakijua tangu matiti yangu yanachomoza. Tangu nimeamka sijakisikia."

Ukuta mnene huu.

"Wigi liko wapi?"

Liko kwenye nguzo. Nesi amekataza mtu kuligusa.

"Nani analichana?"

Hakuna.

Unanitazama. Usinitazame hivyo, mimi sina uso wa kuficha, ndiyo maana nashukuru barakoa. Umefumba macho. Chozi limetoka moja, limepita kando ya jicho ambalo halina hata kope za kulielekeza, limeenda sikioni. Kidole changu umekishika, hukifinyi, umekishika tu. Shangazi, ongea. Au usiongee.

"Niletee hilo wigi kesho. Nitalisuka."

Vidole vyako—

"Wewe utanisikilizia."

Magurudumu hayo. Ni Nesi Eufrazia, anakuja kupima. Amesimama mlangoni, ameniona nilivyo, amekuona ulivyo. Mkono wako unainuka wenyewe, taratibu, mpaka juu, unamwonyesha kwapa lako tupu kama anayefungua mlango wa nyumba iliyoibiwa ili askari aingie ajionee.

"Hali, Mama?"

"Mbaya," unamwambia, na kila neno linachana mdomo, naliona. "Mdomo unauma. Mikono siisikii. Usiku naogopa, nataka mtu akae hapa. Na nimefiwa, nesi, ila mtoto huyu bado hajaniambia."

Nesi ameweka kipimajoto mezani. Amekaa kitandani, jambo ambalo wamekatazwa. Wote wawili mnaningoja mimi, mwenye habari, na kinywa changu, kile kisicho na mlango, kimefunga.

Kesho, Shangazi. Naapa kwa baba yangu, kaka yako. Leo umepokea siku nyingi mno kwa mikono isiyosikia. Nitakuja asubuhi na wigi, na kitana cha mbao, na uzi mweusi, na ile siku moja niliyoibana. Nitaitanguliza, kama nilivyofundishwa. Sitaanza na kingine.